Mji Mkongwe wa Unguja: Jiwe, chokaa na amana

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo na akamfanya khalifa katika ardhi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 mbele ya Forodhani, iliporomoka. Jumba hilo lilikuwa katika matengenezo yaliyofadhiliwa na Serikali ya Oman. Watu wawili walifariki dunia. Tunamuomba Allah awarehemu na awape subira jamaa zao. Si mara ya kwanza jumba hilo kutuonya, kwani mwaka 2012 kipande chake kimoja kilikuwa kimekwisha kuanguka.

Siku ile, na katika siku zilizofuata, kauli iliyosikika zaidi mitaani ilikuwa hii: jengo limezeeka, na kila kilichozeeka huanguka. Kauli hiyo ina ukweli wa juu juu tu. Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa hicho hicho. Huko uko msikiti ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18, na hadi leo watu wanaswali ndani yake. Ikiwa umri peke yake ndio unaoangusha nyumba, basi ukuta wa Kizimkazi usingelisalia hata jiwe. Umesimama kwa sababu kila kizazi kilipata watu waliouhitaji, walioutumia na walioutengeneza. Kwa hiyo suala letu leo si umri wa Mji Mkongwe. Suala letu ni nani aliyekabidhiwa kuutunza, na kwa nini mikono yake imelegea.

Kuusoma mji ni ibada

Huenda msomaji akauliza: ukurasa wa dini una nini na mawe na boriti? Katika Sura Ar-Rum, aya ya 9, Allah (S.W.) anatuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia, akitaja kwamba waliilima ardhi na kuiamirisha kuliko waliowafuatia. Na katika Sura Hud, aya ya 61, Nabii Salih (A.S.) anawakumbusha watu wake kwamba Mola wao ndiye aliyewaumba kutokana na ardhi na akawataka waiamirishe. Wanazuoni wetu wamelichukua neno hilo, na Ibn Khaldun akalijengea elimu nzima aliyoiita ilimu ya umran, yaani elimu ya makazi na maendeleo ya watu. Kwa hiyo kuusoma mji, namna ulivyoanza, ulivyokua na ulivyodhoofika, ni katika kutazama alama za Mola wetu na kupata mazingatio. Anayepita Shangani akapiga picha ya mlango kisha akaondoka, hajausoma mji.

Ulivyokua mji

Mji Mkongwe ulianza kama kijiji cha wavuvi kwenye rasi yenye mchanga, na kitongoji cha Shangani kinaitwa hivyo mpaka leo. Wareno walijenga hapo kanisa dogo. Baada ya Waomani kuwashinda Wareno mjini Mombasa mwaka 1698, palijengwa mahali hapo ngome tunayoiita Ngome Kongwe.

Ukuaji mkubwa ulikuja katika karne ya 19, pale Sayyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja na karafuu zikapandwa mashambani. Waomani, Wahadhrami, Wangazija, Waswahili wa mwambao na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikutana katika rasi ile ndogo. Kila jamaa ilileta kawaida yake ya kujenga, na mafundi wakazichanganya. Nyumba ya Kiarabu ilijikunja kuzunguka ua wa ndani, ikawa haina mengi ya kuonesha nje isipokuwa mlango wake. Nyumba ya Kihindi iligeuza uso wake barabarani, duka chini na makazi juu. Mwambao wetu ulitoa baraza, jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa tanurini na boriti za mikandaa. Zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mji ulipata maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, hamamu ya watu wote iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake, na Beit al-Ajaib yenyewe.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme kwa muda usiofikia saa moja. Beit al-Hukm iliangamia, na mnara wa saa ukaongezwa Beit al-Ajaib baada ya hapo. Wakoloni nao walijenga, wakiazima matao na makuba yetu, na Beit al-Amani ya mwaka 1925 ni ushahidi.

Jambo moja ni lazima lisemwe kwa uadilifu. Mji haukuwa upande wa mawe tu. Mkono wa bahari uliingia ndani, na ng'ambo yake waliishi watu wengi zaidi katika nyumba za udongo na makuti. Majina ya Ng'ambo na Darajani yametokana na maji yale na daraja lililoyavuka. Utawala wa Kiingereza uliuchukua mgawanyiko huo ukautia katika kanuni na ramani, na hata baada ya maji kufukiwa hatua kwa hatua, mpaka ulibaki vichwani. Hali kadhalika, tusijifanye tumesahau kwamba sehemu ya mali iliyojenga majumba yale ilitoka katika jasho la watumwa. Soko lao la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Uislamu umefungua milango mingi ya kuwaacha watu huru, na anayeusifu mji huu huku akiificha dhulma hiyo anatoa ushahidi nusu. Kuhifadhi mji ni kuhifadhi pia mazingatio yake machungu.

Sheria iliyoandikwa katika vichochoro

Wageni wengi husema kwamba vichochoro vya Mji Mkongwe havina mpango. Hawakuona mpango kwa sababu walitafuta mistari iliyonyooka. Mpango wa mji wa Kiislamu ulikuwa katika haki za watu. Mtume (S.A.W.) amefundisha, kama alivyopokea Ibn Majah na Imam Malik, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Amefundisha, katika Bukhari na Muslim, kwamba jirani asimzuie jirani yake kupachika mti katika ukuta wake, na kwamba watu wakigombania upana wa njia, njia iachiwe dhiraa saba. Kutokana na mafundisho kama haya mafakihi walitoa hukumu za madirisha, mifereji, kuta za shirika na njia zisizopenya. Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis katika karne ya 14, alizikusanya katika kitabu kizima cha hukumu za majengo.

Tazama nyumba za Unguja kwa jicho hilo. Kiingilio kilipinda ili mpita njia asiwaone wa ndani, kwa sababu Sura An-Nur imetufundisha kubisha hodi na kuheshimu sitara za watu. Baraza iliwekwa nje ili mgeni apokewe bila ya nyumba kufunuliwa. Na mwenye kuketi barazani alijua kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia Sahaba zake waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Misikiti, ambayo katika eneo hilo dogo ni zaidi ya arobaini, mingi yake ni midogo, haina minara, imejibanza kati ya nyumba. Iliwekwa karibu na watu ili mzee aweze kuifikia kwa miguu alfajiri.

Kinachoiangusha nyumba

Sasa tuingie katika kiini cha mjadala. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Juu ya kuta hizo hulazwa boriti, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hubeba sakafu, na pia huzifunga kuta zisiachane. Paa likivuja au mfereji ukivunjika, maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulainika na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza. Boriti zikikatika sakafu huanguka, na ukuta uliokosa wa kuushika hufura tumbo kisha hulala. Baadhi yetu tumeongeza maradhi juu ya maradhi kwa kuupaka saruji ukuta wa chokaa. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, na ukuta unaoonekana mpya kwa nje huwa unaoza kimya kimya.

Basi nyumba hizi haziombi fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Zinaomba jicho la kila mwaka: paa, mfereji, chokaa. Hapo ndipo linapokuja suala la nani mwenye jukumu, na hapo ndipo tunapokutana na wakfu.

Nyumba nyingi na maduka mengi ya Mji Mkongwe yaliwekwa wakfu. Mtu aliweka duka ili kodi yake iendeshe msikiti. Mwingine aliweka nyumba wakae maskini, au wakae watumishi aliowaacha huru. Wengine waliweka kwa ajili ya dhuria zao, na dhuria wakimalizika iende kwa mafakiri. Asili ya jambo hili ni shamba la Sayyidna Umar (R.A.) huko Khaybar, ambalo Mtume (S.A.W.) alimshauri alizuie shina lake na atoe sadaka matunda yake. Mafakihi wakaweka kanuni yenye hekima kubwa: kipato cha wakfu kianze kwa matengenezo ya mali yenyewe kabla ya kugawiwa wenye kunufaika. Kwa maana nyingine, msikiti ulitunzwa na duka, na duka lilijitunza kwa kodi yake. Hii ndiyo iliyokuwa injini ya mji, na haikungoja mfadhili kutoka nje.

Injini hiyo ilikatika kwa hatua. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa kikoloni uliuweka wakfu chini ya Kamisheni, na usimamizi ukatoka katika mikono ya jamii za mitaani kwenda maofisini. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, majumba mengi yalitaifishwa, na familia kutoka mashamba na Pemba zikapewa makazi humo. Kuwapa watu wasio na makazi pa kuishi ni jambo la haki, na hatulibezi. Lakini kodi ilibaki ndogo mno, katika nyumba za Serikali na katika nyumba za wakfu pia, hata ikawa haitoshi kuziba paa. Nguvu za nchi zilielekezwa katika ujenzi mpya, kama majumba ya Michenzani. Matokeo yake, mji wa mawe ukaliwa na watu wengi na ukatengenezwa na wachache.

Serikali iliamka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, mwaka 1994 ukatayarishwa mpango wa uhifadhi kwa ushirikiano na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, na mwaka 2000 mji huu wenye hekta 96 ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Juhudi hizo zimeokoa majengo mengi, na asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Hata hivyo, orodha haiwezi kupanda juu ya paa na kusafisha mfereji.

Hoteli na safu za msikiti

Mahali ambapo wakfu na familia zilirudi nyuma, utalii uliingia. Tuwe waadilifu: baadhi ya nyumba zimesimama leo kwa sababu zilifanywa hoteli na mwenye hoteli ana fedha za kuzitengeneza. Vijana wetu wanapata riziki humo. Lakini kila faida ina kipimo chake. Jumba la Mambo Msiige, Shangani, lilipounganishwa na hoteli mpya pembeni yake, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa ujenzi huo. Wasiwasi wa Kamati ulikuwa juu ya sura ya mji. Sisi tuna wasiwasi mwingine juu yake.

Nyumba ikifanywa ya wageni, familia inayotoka haiendi peke yake. Inaondoka na mtoto wa chuo, na mzee wa safu ya kwanza, na mama aliyejua nani mtaani amelala na njaa. Msikiti uliojengwa kwa ajili ya nyumba ishirini hubaki umezungukwa na vyumba vya kulala wapitaji. Utapakwa rangi, utapigwa picha, na safu zake zitapungua. Mji unaweza kuhifadhiwa kuta zake zote na bado ukafa, kwa kuwa uhai wake ulikuwa ni ujirani.

Nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kuinyooshea kidole Serikali, na kweli inayo dhima, kwa sababu iliyachukua majumba na mwenye kuchukua huulizwa. Kamisheni ya Wakfu nayo ina dhima nzito kuliko zote, kwani mali iliyo mkononi mwake ni ya Allah. Lakini na sisi wenye familia tujihesabu. Ni nyumba ngapi zimeanguka si kwa sababu ya ofisi yoyote, bali kwa sababu babu alifariki, mirathi haikugawiwa, warithi wakawa thelathini, baadhi Muscat, baadhi Dubai, baadhi London, kila mmoja anadai hisa yake na hakuna anayetoa gharama ya boriti moja? Na ni wangapi wanaokaa katika nyumba ya wakfu kwa kodi ya thamani ya vikombe vichache vya kahawa, kisha wakaikodisha kwa mtu wa tatu kwa bei ya soko? Huyo ajue kwamba anakula haki ya msikiti na maskini.

Bukhari amepokea mfano aliotupigia Mtume (S.A.W.) wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wanazama. Wakishikwa mikono, wote wanaokoka. Sijui mji uliofanana na jahazi hilo kuliko mji ambao nyumba zake zinaegemeana kuta. Mfereji wangu uliovunjika ni ukuta wa jirani yangu unaolainika.

Yaliyo mikononi mwetu

Kwanza, kila familia yenye asili ya mji huu, iwe Unguja au ughaibuni, itafute hati zake. Ipo nyumba inayodhaniwa ni mirathi kumbe ni wakfu. Mwenye kujua sharti la mwenye kuweka wakfu kisha akalificha au kulibadili kwa matamanio yake, asome Sura Al-Baqara, aya ya 181, juu ya dhambi ya mwenye kubadili wasia baada ya kuusikia.

Pili, mirathi igawiwe mapema. Nyumba ikiwa haigawiki, ithaminiwe kwa uadilifu, mmoja wao anunue hisa za wenziwe, au wakubaliane waiweke wakfu na wamteue msimamizi mmoja muaminifu anayetoa hesabu kila mwaka. Nyumba ya wengi isiyo na msimamizi ni ya mvua.

Tatu, Kamisheni ya Wakfu itoze kodi yenye uwiano na thamani ya mali, huku ikiwalinda mafakiri wa kweli ambao wakfu uliwekwa kwa ajili yao, na ianze na matengenezo kama fiqhi ilivyoelekeza. Hesabu za kila wakfu zibandikwe msikitini wasome watu. Na panapotajwa kubadilisha au kuuza mali ya wakfu, wanazuoni waulizwe kabla, si baada. Wenzetu wa madhehebu ya Hanbali wameruhusu kubadilisha wakfu uliokatika manufaa, na Mashafii ambao ndio wengi kwetu wamekaza zaidi. Hitilafu hiyo ni rehema ikitumiwa kwa kulinda mali, na ni mlango wa ufisadi ikitumiwa kwa kuivizia.

Nne, vijana wetu wafundishwe ufundi wa chokaa. Mafundi wazee wanaojua kuchoma, kuloweka na kupaka chokaa wanapungua mwaka baada ya mwaka, na elimu hiyo haimo katika mfuko wa saruji.

Tano, wazazi wawapeleke watoto wao mjini wakatembee na kuuliza. Mwoneshe mwanao maandishi na mwaka wa Hijra juu ya mlango, mwambie kwa nini kiingilio kimepinda, mpeleke Mkunazini umweleze yaliyofanyika hapo, kisha mswali pamoja katika msikiti mdogo wa mtaani. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatang'oa mlango wa babu yake auuze.

Ndugu zangu, mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza alilolitaja Mtume (S.A.W.), kama ilivyo katika Sahih Muslim, ni sadaka yenye kuendelea. Wapo watu makaburini, majina yao hatuyajui, waliacha duka moja au chumba kimoja ili thawabu zisikatike. Kila paa la wakfu tunaloliacha livuje, tunamkatia maiti thawabu zake. Hao hawana mdomo wa kutushitaki hapa duniani. Watatushitaki mbele ya Mola wetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa katika wenye kutekeleza amana, awarehemu waliotujengea, na atuhifadhie miji yetu pamoja na imani na ujirani wa watu wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.